Ihanja: Zizi, Kijiji na Mji Mdogo

Tunapofundisha historia ya nchi yetu, mara nyingi tunaanza na miji mikubwa, vita vikubwa na majina ya watu mashuhuri. Mwanafunzi huhitimu akijua habari za Bagamoyo, Tabora na Dar es Salaam, lakini hajui kwa nini kituo kidogo cha wilayani kwake kipo mahali kilipo. Huo ni upungufu mkubwa. Wengi wa wananchi wetu hawakuishi katika historia ya miji mikubwa. Waliishi penye kisima, zizi, shamba na gulio. Kada asiyeweza kueleza historia ya mahali padogo hataweza kupanga maendeleo yake.

Katika makala hii tunaichukua Ihanja, katika Mkoa wa Singida, iwe somo letu. Ihanja ni jina la kata na ni jina la tarafa, mojawapo ya tarafa za Wilaya ya Ikungi. Wilaya hiyo ilianzishwa mwaka 2012 kwa kuigawa Wilaya ya Singida Vijijini. Tunaposema "mji mdogo" hatuzungumzii hadhi ya kisheria. Tunazungumzia kazi ya kiuchumi ya mahali: pale ambapo wakulima na wafugaji wa vijiji vya jirani huja kuuza, kununua, kusaga nafaka, kutibiwa na kushtakiana. Swali tunaloliuliza ni moja: nani ameamua, katika kila kipindi, watu wakae wapi, na uamuzi huo umefanya nini kwa rutuba ya ardhi yao?

ARDHI NA MAJI

Ihanja iko katika uwanda wa juu wa Tanzania ya kati, upande wa magharibi wa barabara kuu itokayo Manyoni kwenda Singida. Uwanda huu, ambao mji wa Singida umekaa katika mwinuko wa kiasi cha mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, umejaa majabali ya graniti. Udongo wa miinuko yake ni wa kichanga. Ni mwepisi kwa jembe la mkono, lakini hauna rutuba ya kudumu. Mabondeni kuna mbuga za udongo mweusi wa mfinyanzi, unaonata wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Ukielekea magharibi na kaskazini-magharibi, nchi inashuka kwenye mbuga kubwa ya Wembere. Ukielekea kusini-magharibi, unaingia katika mapori na vichaka vizito vya Itigi, nchi ya nyuki na asali.

Mvua ni ya msimu mmoja. Huanza Novemba au Desemba na kwisha Aprili, nayo kwa mwaka wa kawaida ni kati ya milimita 500 na 800. Wastani huo unaweza kumdanganya mgeni. Mwaka mmoja mvua hunyesha kupita kiasi, mwaka unaofuata hukatika mwezi Februari wakati uwele unatoa masuke. Miezi saba ya mwaka nchi ni kavu. Kwa hiyo mambo mawili yalitawala maisha ya watu tangu zamani: maji ya kiangazi na rutuba ya shamba. Maji yaliamua watu wanaweza kukaa wapi. Rutuba iliamua wanaweza kukaa wangapi, na kwa muda gani.

SAMADI NDIYO MTAJI

Wenyeji wa nchi hii ni Wanyaturu, ambao wenyewe hujiita Warimi. Kabla ya ukoloni hawakuwa na mtemi mmoja wa kuwatawala wote. Mamlaka yalikuwa kwa wazee wa koo na wa maeneo. Walikaa katika nyumba za tembe zilizotawanyika, kila boma likiwa na zizi lake, na mashamba ya uwele na mtama yakilizunguka.

Mtawanyiko huo mgeni aliuona kuwa ni fujo. Haukuwa fujo hata kidogo. Udongo wa kichanga hauwezi kutoa nafaka mwaka baada ya mwaka bila samadi, na samadi hupatikana ng'ombe wanapolala. Zizi likiwa katikati ya shamba, samadi haina safari. Nafaka ikipatikana kwa wingi mwaka wa neema, ziada hubadilishwa kwa mbuzi, kondoo na hatimaye ng'ombe. Ng'ombe huongeza samadi, na samadi huongeza nafaka. Mwaka wa njaa mzunguko huo hugeuzwa: mifugo hutolewa kwa nafaka, na watu wanapona. Hivyo zizi lilikuwa kiwanda cha mbolea, benki na bima ya kaya kwa wakati mmoja.

Mtaalamu wa Marekani, Harold Schneider, aliyefanya utafiti miongoni mwa Wanyaturu wa Wahi mwaka 1959 na 1960 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1970, aliueleza vizuri mzunguko huo wa nafaka na mifugo. Tunakubaliana naye kwamba mkulima wa Unyaturu alikuwa mtu wa hesabu, si mtumwa wa mila. Lakini yeye aliona zaidi mfanyabiashara anayetafuta faida. Sisi tunapaswa kuuliza pia: ng'ombe walikuwa wa nani? Mwenye ng'ombe wengi aliwaweka kwa jirani asiye nao. Jirani alipata maziwa na samadi, lakini hakupata umiliki. Usaidizi ulikuwapo, na utegemezi ulikuwapo humo humo. Aliyebeba samadi, aliyepalilia na aliyetwanga nafaka ile kwa sehemu kubwa alikuwa mwanamke. Hatuna sababu ya kuipamba jamii ya zamani kana kwamba haikuwa na mwenye nacho na asiye nacho. Lakini pia hatuna haki ya kuidharau elimu yake ya ardhi.

UKOLONI: KODI, BARABARA NA WATAWALA WA KUPACHIKWA

Misafara ya karne ya 19 kutoka pwani kwenda Tabora ilipita zaidi kusini ya Unyaturu. Januari 1875 Henry Morton Stanley aliingia nchi hii na msafara wake mkubwa, akapigana na wenyeji mahali alipopaita Vinyata, akaondoka akisimulia ukali wao. Hakusimulia kwa uzito ule ule hofu ya watu walioona mamia ya wageni wenye bunduki wakipiga kambi penye maji yao.

Wajerumani walipokuja hawakuja kupita. Walikuja kukaa na kutoza. Sheria yao ya kodi ya nyumba ilianza kutumika mwaka 1898, na utawala wao ulizidi kupenya Unyaturu mwanzoni mwa karne ya 20. Wananchi walipinga. Upande wa mashariki wa Unyaturu jina linalokumbukwa zaidi ni la mwanamke, Liti Kidanka, ambaye masimulizi yanaeleza kwamba aliwatumia nyuki dhidi ya askari wa Kijerumani, hata akauawa mwaka 1908. Uwanja wa michezo wa mjini Singida leo unaitwa kwa jina lake.

Kodi ilibadili maana ya ziada. Zamani ziada ya nafaka iligeuka ng'ombe, na ng'ombe akabaki zizini akirudisha samadi shambani. Sasa ng'ombe aliuzwa ili kulipa kodi, na alipoondoka, samadi yake iliondoka naye. Asiyekuwa na ng'ombe aliuza mwili wake. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, na kwa miaka mingi iliyofuata, hasa chini ya Waingereza, vijana wa Singida walisafiri kwenda kukata mkonge katika mashamba ya Tanga na kwingineko. Mkoloni aliiona nchi hii kuwa ghala la vibarua. Hakuwa na haja ya kujenga mji Ihanja wala Puma. Alihitaji njia ya kumtoa mtu na ng'ombe.

Hata reli inathibitisha jambo hili. Katika miaka ya 1930 Waingereza walijenga tawi la reli kutoka Manyoni kupitia Singida hadi Kinyangiri. Lilipoonekana haliwapi faida, wakaling'oa katika miaka ya 1940. Ikabidi Tanzania huru ijenge upya reli ya Manyoni hadi Singida katika miaka ya 1980 na 1990. Chombo kinachojengwa kwa faida ya mwingine hung'olewa faida hiyo ikikoma, bila mwenye nchi kuulizwa.

Kwa upande wa utawala, Waingereza waliweka mamlaka za wenyeji kwa sheria ya mwaka 1926. Katika nchi ambayo haikuwa na mtemi mmoja, watemi na majumbe waligawiwa maeneo na kupewa vitabu vya kodi. Penye baraza la mtemi palihitajika njia, mahakama na duka. Hivyo ndivyo vituo vingi vya Tanganyika vilivyozaliwa. Havikukua kutokana na mzunguko wa zizi na shamba. Vilichomekwa juu yake. Wananchi walivijua kuwa ni mahali pa kuitwa. Kuwa ni mahali pao, bado.

UHURU NA VIJIJI

Baada ya Uhuru wa mwaka 1961, utemi ulifutwa kisheria mwaka 1963, na mwaka huo huo Mkoa wa Singida ukaanzishwa. Azimio la Arusha la mwaka 1967 likaeleza kwamba ili tuendelee tunahitaji watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Mwaka huo huo siasa ya Ujamaa Vijijini ikawekwa wazi: watu waishi pamoja na kufanya kazi pamoja kwa faida ya wote, na wafanye hivyo kwa hiari yao.

Kasi ya hiari ilionekana ndogo. Mwaka 1970 waliokuwa katika vijiji vya ujamaa nchini kote walikuwa kama nusu milioni tu. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji sasa ni amri, na lengo likawa kukamilisha kazi hiyo kabla ya mwisho wa mwaka 1976. Ifikapo mwaka 1977 zaidi ya watu milioni 13 walihesabiwa kuwa wamo katika vijiji zaidi ya 7,000. Sheria ya Vijiji ya mwaka 1975 ilikipa kijiji serikali yake na kutaka kisipungue kaya 250.

Lazima tuseme ukweli wote. Nia haikuwa mbaya, na matunda yalikuwapo. Shule haiwezi kumfuata mtoto katika kila boma lililotawanyika. Zahanati, bomba la maji na darasa la elimu ya watu wazima vinahitaji watu waliokaribiana. Mwaka 1974 Chama kiliazimia huko Musoma kwamba kila mtoto apate elimu ya msingi, na utekelezaji wake usingewezekana bila vijiji. Leo tarafa kama Ihanja ina vizazi vya watu waliosoma kwa sababu hiyo. Anayesema kwamba vijiji vilileta hasara tupu hajui historia.

Lakini anayesema kwamba vilileta faida tupu hajui samadi.

HESABU AMBAYO ILIPASWA KUFANYWA

Tuchukue mfano wa kufundishia. Tuseme kijiji kina kaya 250, na kila kaya inalima hekta mbili. Hizo ni hekta 500 za mazao, bila kuhesabu malisho, mbuga na majabali yasiyolimika. Nyumba zikipangwa kwa mistari kando ya barabara, mashamba mengi yatakuwa mbali na nyumba. Tuseme shamba la kaya moja liko kilomita mbili kutoka zizi jipya. Tuseme hekta moja inahitaji tani tano za samadi, na mbebaji mmoja anachukua kilo 20 kichwani. Hizo ni safari 250. Kila safari ni kilomita nne, kwenda na kurudi. Jumla ni kilomita 1,000 kwa hekta moja, na hiyo ni zaidi ya safari ya kutoka Singida hadi Dar es Salaam. Na tukumbuke ni nani aliyekuwa akibeba.

Ni dhahiri kwamba kazi hiyo haifanyiki. Penye mkokoteni na maksai inawezekana kwa kiasi. Penye kichwa na kapu haiwezekani. Matokeo yake ni kwamba samadi inarundikana penye nyumba, ambako hakuna shamba, na shamba linabaki na kichanga chake. Mahame, yaani pale boma la zamani lilipokuwa na zizi lake, yanabaki na rutuba ya miaka mingi bila mwenyewe karibu. Mavuno yakishuka, afisa anaandika kwamba wananchi ni wavivu.

Kipindi kile pia kilikuwa cha mvua mbaya. Mwaka 1973 hadi 1975 nchi yetu ililazimika kuagiza nafaka nyingi kutoka nje. Si haki kulitupia kosa lote jambo moja: mvua ilikuwa haba, bei ya mafuta duniani ilipanda, na bei waliyolipwa wakulima ilikuwa ndogo. Lakini katika nchi ya samadi, kuhamisha nyumba ni kuhamisha rutuba, na jambo hilo lilijulikana na kila mzee wa Unyaturu. Halikuhitaji mtaalamu kutoka ng'ambo. Lilihitaji kuulizwa.

Hapo ndipo penye somo la kisiasa. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikuwa umekwisha onya kwamba si sahihi viongozi na wataalamu kuwanyang'anya wananchi haki ya kuamua kwa sababu tu wao wana ujuzi. Onyo lilikuwapo miaka miwili kabla ya amri. Mwaka 1977, katika tathmini yake ya miaka kumi ya Azimio, Mwalimu mwenyewe alikiri kwamba makosa yalifanyika katika utekelezaji. Kwa hiyo tunapoyasema haya hatutoki nje ya msingi. Tunarudi kwenye msingi ambao watekelezaji waliuruka. Tofauti ya Ujamaa Vijijini na amri ya kuhamia haikuwa ndogo. Ujamaa Vijijini ulitaka kubadili uhusiano wa watu katika uzalishaji. Amri ilibadili mahali pa nyumba. Unaweza kuzipanga nyumba kwa mstari ulionyooka, na ng'ombe wakabaki wa wale wale, na mbeba samadi akabaki yule yule.

SOKO NA VIWANJA

Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na kazi ya kununua mazao ikawa ya mashirika ya umma. Mwaka 1982 sheria ikaruhusu ushirika urudi, na mwaka huo huo sheria ya serikali za mitaa ikarudisha halmashauri za wilaya na kuweka nafasi ya mamlaka za miji midogo. Kuanzia mwaka 1986 biashara ikaanza kulegezwa. Katika Singida zao lililonufaika zaidi na hali mpya ni alizeti, linalostahimili ukame na lenye mbegu ya mafuta, pamoja na vitunguu na kuku wa kienyeji wanaosafirishwa hadi Dar es Salaam.

Alizeti imewapa wakulima fedha. Hatulikatai hilo. Lakini tuitazame kwa macho yale yale. Mbegu inapouzwa ghafi wakati wa mavuno, kwa bei anayoitaja mnunuzi mwenye lori, mkulima anauza pamoja nayo mashudu, ambayo ni chakula bora cha mifugo. Ikikamuliwa karibu, mafuta yanauzwa na mashudu yanarudi zizini, na kutoka zizini yanarudi shambani kwa njia ya samadi. Kwa hiyo mashine ya kukamua iliyo kwenye mji mdogo, ikiwa ya ushirika au ikiwa chini ya masharti yanayomlinda mkulima, ni kiungo cha mzunguko ule wa zamani. Hiyo ndiyo maana ya kimaendeleo ya mji mdogo: kuishika ziada isikimbie yote, na kuirudisha ardhini.

Hata hivyo mji mdogo una hatari yake. Kituo kikikua, ardhi inayokizunguka hupanda bei. Maboma na mashamba ya samadi yaliyo karibu na barabara ndiyo ya kwanza kupimwa viwanja. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999 inaipa halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi, na inataka mkutano mkuu wa kijiji ushirikishwe katika kuigawa. Eneo likitangazwa kuwa la mji, usimamizi huo hubadilika mikono. Mwenye taarifa mapema hununua mapema. Mzee anayeuza ekari yake ya samadi kwa fedha za kumpeleka mgonjwa hospitali anauza kazi ya vizazi vitatu, na aliyeinunua anaweza asiipande hata punje moja.

Tunaona basi kwamba swali la mwaka 1974 limerudi kwa sura nyingine. Wakati ule amri ilimtoa mtu penye rutuba. Leo bei inaweza kumtoa. Wakati ule alitolewa mchana kwa lori. Leo anatolewa kimya kimya, kwa hati ya mauziano iliyosainiwa na mashahidi wawili.

WAJIBU WA KADA

Tunafunga kwa mambo ambayo kada aliyepangiwa Ihanja, au mahali pengine pa namna hiyo, anapaswa kuyafanya kabla hajatoa hotuba ya kwanza.

Kwanza, atembee. Aijue miinuko na mbuga, visima vya kiangazi na mahame. Ramani ya ofisini haimwonyeshi samadi ilipo.

Pili, aulize mifugo ni ya nani. Kijiji chenye ng'ombe wengi kinaweza kuwa na kaya nyingi zisizo na ng'ombe hata mmoja, na mpango unaofaa upande mmoja unaweza kuuumiza mwingine.

Tatu, afanye hesabu ya mabega. Kila mpango wa kuhamisha nyumba, soko, kisima au zizi upimwe kwa kilomita atakazotembea mwanamke wa kaya ya kawaida. Mpango usiopita kipimo hicho urudishwe, hata kama umepigwa muhuri.

Nne, aipeleke kila habari ya upimaji wa ardhi kwenye mkutano mkuu wa kijiji mapema, kwa lugha inayoeleweka, kabla ya wanunuzi kufika. Siri ya ofisi katika jambo la ardhi ni mtaji wa mlanguzi.

Ndugu wasomaji, mji mdogo si aibu ya kijiji wala si mfano mdogo wa Dar es Salaam. Ni mahali ambapo madai mawili ya haki hukutana: watu wakaribiane ili wapate huduma, na watawanyike kiasi ili ardhi iwalishe. Mgongano huo hautaondolewa kwa amri, na hautaondolewa kwa kuachia soko. Utaamuliwa na wananchi wenyewe, wakiwa na taarifa kamili mkononi, na kada akiwa upande wao. Wazee wa Ihanja waliijua kanuni hii kabla yetu: palipo na zizi pana shamba. Kazi yetu ni kuhakikisha kwamba mji unapokuja, unalikuta zizi na kuliacha hai.